Vipimajoto Viwili

Nyumbani kwetu mna vipimajoto viwili.
Kimoja kipo nje ya dirisha la jikoni;
baba alikipigilia msumari mwaka aliostaafu,
kimekaa upande, na usiku huu kinasema
nyuzi ishirini na sita chini ya sufuri.
Cha pili nimekitoa sasa hivi kwapani mwa Pihla.
Thelathini na nane nukta tatu.
Nabadilisha kwapa,
kama mtu anayejaribu duka la pili akitumaini bei itashuka.
Nukta nne.

Waliosema uchungu wa mwana aujuaye mzazi
hawakusema kwamba huujua kwa tarakimu:
kwamba thelathini na saba na nusu ni ruhusa ya kulala,
na thelathini na nane ni amri ya kuondoka,
saa yoyote, nguo yoyote,
kwa kuwa dawa inayoua ugonjwa imekwisha kuua na walinzi,
na chembe nyeupe zilizosalia katika damu yake
hata mdogo wake Oiva angezihesabu,
naye hajafika bado tano.

Majira haya gari halilali bila waya.
Soketi ukutani, waya hadi kwenye injini, usiku kucha,
lisije likagoma siku ya kuhitajiwa.
(Na mwanangu ana mrija kifuani.
Hilo nitaliwaza barabarani. Sasa natafuta soksi.)

Begi lipo mlangoni tangu Septemba.
Ndani: chaja, kitabu cha mbweha, chupa ya matango ya siki,
maana wiki za steroidi huniamsha saa tisa usiku
akidai matango na viazi;
hulia viazi vikiwa vizima,
hulia nikivikata.
Mara moja nilimfokea.
Alikula huku machozi yakidondokea sahani,
kisha akaniambia, Baba, vitamu.

Saimi na mimi hatuagani siku hizi, tunakabidhiana:
ya saa mbili kaitapika,
mafuta nusu tangi,
funguo hizi.

Kutoka Pudasjärvi hadi Oulu ni kilomita themanini na tano.
Kulungu wa theluji wamesimama katikati ya lami,
saba, wanane,
hawajui haraka ya mtu.
Nazima taa kubwa. Nangoja.
Nyuma yangu sauti kutoka ndani ya blanketi:
Kile cha dirishani nacho kinaumwa?
Kipi?
Kipimajoto. Mimi nina joto, chenyewe kina baridi.
Nani atakipeleka hospitali?

Nikasema, Bibi Hilja atakiangalia.
Bibi Hilja mwenye kikohozi,
ambaye wiki ya tatu sasa haingii ndani;
husimama thelujini akachora paka kwa kidole kwenye kioo,
na Pihla, upande wa pili, humtia paka sharubu.

Siku tisa.
Muuguzi Taisto huipasha mikono yake bombani kabla ya kumgusa.
Mashine ya dripu tumeiita Profesa,
kwa kuwa hukatiza kila mazungumzo.
Siku ya sita wakatuletea namba: sufuri nukta moja.
Jana yake ilikuwa sufuri tupu.
Niliiandika kiganjani kwa kalamu ya wino
na sikunawa mkono ule mpaka jioni,
mimi, ninayemhimiza kila mtu kunawa.

Tuliporudi,
kipimajoto cha baba kilikuwa kimevikwa soksi,
ya sufu, nyekundu, ya mguu mdogo,
imefungwa kwa uzi isipeperuke.
Saimi akasema si yeye.
Alisimulia kwa simu, akasema, na mama yako akasikia.

Siku ya nne leo sijui nje kuna baridi kiasi gani.
Nachungulia, naona soksi,
natoka hivyo hivyo.

Kile kingine, usiku: thelathini na sita nukta tisa.
Nakirudisha kikombeni, juu ya friji.
Sikishukuru.